Kizibo Kisicho na Kichwa

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa koti zito na maneno mazuri kuliko ninayostahili. Halafu mmoja wenu akasema, "Mzee Zabroni, tuandikie basi hayo unayotusimulia kila siku." Nadhani ilikuwa njia yake ya heshima ya kuniomba ninyamaze. Hata hivyo nimenunua daftari, na mke wangu ameniwekea meza karibu na jiko la mkaa, kwa sababu upepo wa Makambako hauna habari kwamba mtu amestaafu.

Vyeo na mishahara sitaandika. Havikuwa vingi, na havikunifundisha kitu. Nitaandika kuhusu kabureta na ekzosi, kuhusu mzee mmoja wa Kikinga aliyenifundisha kazi, na kuhusu katekista ambaye nilikaribia kumnyang'anya kazi yake kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisa hiki cha mwisho sijawahi kuwasimulia chote. Mnajua kwamba mlangoni pana msumari wenye kipande cha mti kilichoungua, na kila mgeni akiuliza mnamwambia ni mambo ya Mzee Zabroni. Sasa mtajua ni mambo gani.

Nilianza kazi Njombe mjini, kwenye karakana ya pikipiki, mwezi wa saba, asubuhi ambayo sakitu ilikuwa imelala juu ya majani kama unga uliomwagika. Nilikuwa nimevaa masweta mawili na bado meno yaligongana. Fundi mkuu alikuwa Mzee Lutengano Sanga, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyofumiwa na mkewe. Hakuniuliza ninajua nini. Alinisogezea beseni la petroli, kabureta moja chafu na kitambaa cheupe.

"Fungua," akasema. "Kila unachokitoa kipange hapo, toka kushoto kwenda kulia, kama ulivyokitoa. Ukimaliza niite."

Nilifungua kwa haraka ya mtu anayetaka kuonekana anajua. Nilipofika kwenye sindano, springi ndogo kama ya kalamu iliruka ikapotea. Nikatambaa sakafuni mpaka saa ya chai, nikapekua chini ya kila tairi, nikachungulia hata kwenye viatu vya wenzangu. Mzee Sanga alikunywa chai yake yote akinitazama. Alipomaliza alikuja, akakunjua ukosi wa sweta langu la juu, akaitoa.

"Ninyi Wabena," akasema, "mnafuga mpaka springi."

Huo ukawa utani wake kwangu kwa miaka yote. Nami nikamjibu siku ile ile kwamba Mkinga angeiona mapema kwa sababu angetaka kuiuza. Akacheka mpaka kofia ikasogea. Kuanzia hapo nikajua nitakaa.

Mengi mliyoniona nikiyafanya ni yake. Jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta, ikiziba haizibuliwi kwa waya. Waya unakwangua tundu, na tundu likipanuka hata kidogo pikipiki itakunywa mafuta kama mtu aliyeingia kilabuni msimu wa pombe ya ulanzi, na nguvu hutaiona. Mzee alitumia singa, ule unywele mgumu wa mkia wa ng'ombe, na alikuwa na fungu lake ndani ya kopo la dawa ya viatu. Plagi alikuwa hafungui tu, alikuwa anaisoma. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi hewa. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi mafuta na injini inaungua kimyakimya. Ikiwa na rangi ya chungu kipya cha udongo, funga urudishe, tatizo liko kwingine.

Na kabla ya yote hayo, alikuwa na desturi ambayo wateja waliiona ya ajabu. Pikipiki ikiwashwa, alikwenda nyuma akaweka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi, akafumba macho. Alisikiliza pumzi kwa mkono. "Angalia hewa inaingia wapi," alituambia, "kisha angalia moshi unatoka wapi. Ukishajua hayo mawili ndipo uruhusiwe kufungua kabureta. Msianzie katikati."

Sisi tulipenda kuanzia katikati. Kabureta ina vidude vingi, na fundi akiifungua mteja anaona kazi imefanyika. Nani atamsifu mtu aliyeweka mkono nyuma ya ekzosi?

Baridi ya Njombe ndiyo ilikuwa mwalimu wa pili. Pikipiki nyingi zilizosukumwa mpaka mlangoni asubuhi zikidaiwa kufa zilikuwa zimesahauliwa choki tu, ule wenzo wa kubana hewa wakati wa kuwasha. Mkulima mmoja wa viazi alitujia mara tatu kwa tatizo hilo hilo. Kila mara Mzee Sanga alirudisha choki kwa kidole kimoja, akapiga kiki, injini ikatulia, na mkulima akamwangalia kama mtu aliyeona muujiza. Mara ya nne alikuja na debe la viazi, akasema anakuja kusalimia tu. Choki ilikuwa haijarudishwa vile vile.

Kulikuwa na dereva mwingine, mbeba mbao kutoka upande wa Ludewa, aliyetoboa ekzosi yake kwa makusudi na kung'oa vyuma vya ndani ili pikipiki ingurume. Alitaka isikike toka mbali. Ikawa inasikika kweli, lakini akiachia mafuta kwenye mteremko inalipuka pwaa, pwaa, na mlimani ikawa haivuti. Alishangaa sana. Nilimweleza kwamba injini imetengenezwa ikijua moshi utazuiliwa kiasi fulani njiani, na ukiondoa kizuizi chote hesabu ya hewa na mafuta inavurugika. Alitaka asikike akifika, akafika kwa miguu.

Sasa nije kwenye vizibo, kwa sababu ndipo habari yenyewe ilipo.

Mzee Sanga alikuwa na sheria kwamba pikipiki hairudi kwa mwenyewe na tope. Tukimaliza matengenezo tunaiosha. Na maji yakiingia kwenye ekzosi yanakaa humo, yanaila kwa kutu. Kwa hiyo kila fundi alichonga kizibo chake cha mti wa mwati, akakitia alama yake kwa kisu. Changu kilikuwa na mikato mitatu. Kizibo kilitakiwa kiwe na kichwa kinene kuliko tundu la ekzosi, na kamba ya kufungia kwenye keria. Mlangoni palikuwa na misumari, kila fundi na wake. Jioni kila kizibo kiko kwenye msumari wake, ndipo mlango unafungwa. Msumari mmoja ukiwa wazi, wote tunabaki mpaka kipatikane.

Changu nilikichonga kwa uvivu. Kilikuwa kimenyooka tu, kama kipande cha mpini wa jembe. Mzee alikigeuzageuza.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kinaziba vizuri hivyo hivyo, mzee."

"Kuziba kinaziba. Nauliza kutoka."

Nikasema nitachonga kingine. Hiyo "nitachonga" ilidumu miaka mingi. Tulihama Njombe, mwenye karakana akaona Makambako ndiko barabara zinakokutana na vipuri vinafika haraka. Mzee Sanga akaja na misumari yake, akaipigilia kwenye mlango mpya kwa mpangilio ule ule. Kizibo changu kikaja nacho, bado hakina kichwa, na kamba ilikuwa imekatika.

Hapo Makambako ndipo nilipomfahamu Katekista Alfonsi Mlelwa. Alikuwa na umri wa kuitwa babu, mwembamba, na alihudumia vigango vitano, vile vikanisa vidogo vya milimani, ukiacha barabara ya Njombe na kuanza kupanda. Parokia yake ilimpa pikipiki iliyokwisha kutumika, naye aliipenda kama watu wanavyopenda mtoto wa mwisho. Ndiyo iliyompeleka kwenye mafundisho ya ubatizo, kwa wagonjwa, na kwenye mazishi ambako padri asingeweza kufika kwa wakati. Alikuwa akiingia getini anapaza sauti.

"Kamwene, ninyi mnaopaka vyuma mafuta!"

"Kamwene, Katekista. Shikamoo."

"Marahaba. Yule Mlutheri wangu yupo?"

Mlutheri ni mimi. Alikuwa akiniambia siku moja nitarudi nyumbani, nami nikimwambia sisi tumeondoka muda mrefu mno, njia tumeisahau. Nilimpenda yule mzee, na hata sasa nikiandika jina lake natabasamu peke yangu. Mke wangu ameniuliza nacheka nini.

Siku moja aliileta kwa kazi ndogo: kubadilisha mnyororo na kusafisha chujio la hewa. Nikamaliza, nikaenda kuiosha. Nikaziba ekzosi, nikaanza kumwaga maji. Katikati ya kazi lori likaingia na vipuri na nikaitwa kushusha. Niliporudi, tundu la ekzosi lilikuwa wazi, na kizibo hakipo.

Niliangalia chini. Nikaangalia mferejini, nikavuruga tope kwa mti. Wazo lilinijia kwamba labda kimeingia ndani. Kilikuwa kiangazi, mti umekauka na kusinyaa, na pale nilipoitwa nilikuwa nimekisukuma kwa kidole gumba kwa haraka. Wazo hilo lilinijia waziwazi, na mimi nikalifukuza. Katekista alikuwa amekaa kwenye benchi na begi lake la vitabu magotini, ana safari. Kufungua ekzosi ni kazi, na ningelazimika kueleza kwa nini naifungua. Nikapiga kiki, ikawaka vizuri, ikapumua vizuri. Nikamkabidhi.

Jioni ile, kabla Mzee Sanga hajafika mlangoni, nilikata tawi la mwati nyuma ya uzio, nikachonga kizibo kingine, nikakitia mikato mitatu na kukipaka oili chafu kionekane cha zamani. Nikakitundika. Mzee akapita akihesabu. Akasimama mbele ya msumari wangu kidogo.

"Hiki kina kichwa," akasema.

"Ndiyo, mzee. Kile cha zamani kilipasuka."

Akafunga mlango, tukaenda nyumbani.

Baada ya wiki mbili Katekista alirudi. Pikipiki haipandi mlima. Kwenye tambarare inakwenda, akianza kupanda na kuvuta mafuta inazama, inakohoa, inazima. Akisubiri kidogo inawaka tena.

Sasa angalieni mtu anayejua sana anavyopotea. Mimi nilikuwa nimefanya kazi Njombe. Nilijua kwamba juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa bondeni inazidisha mafuta ikifika mlimani. Nikaipokea kwa furaha kabisa. Nikafungua kabureta, nikasafisha jeti kwa singa, nikashusha sindano hatua moja, nikaangalia boya. Nikaizungusha uani, ikanguruma vizuri. Uwanja wetu wa Makambako, mnaujua, ni kama meza.

Alirudi tena. Nikabadilisha jeti. Akarudi. Nikabadilisha plagi, nikasafisha tangi na koki, nikamwuliza anakonunua mafuta, nikayalaumu mafuta ya kwenye chupa kwamba yana maji. Plagi ilikuwa na masizi meusi makavu kila mara, na mimi kila mara nikasema, "Unaona? Mafuta yamezidi." Sikujiuliza kama labda ni moshi ndio hautoki. Na mkono wangu sikuuweka nyuma ya ekzosi hata mara moja. Leo najua kwa nini. Kuna mahali moyoni mwangu palipokuwa hapataki mkono uende huko.

Ikapita miezi. Vigango vya juu vikaanza kulalamika kwamba katekista hafiki. Siku moja alifika mazishini watu wanatoka makaburini. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya parokia, mtu mstaarabu tu, akaja karakana akanikuta mimi.

"Fundi, tuambie ukweli. Pikipiki ni nzima au mbovu?"

"Nzima," nikasema. "Hapa inakwenda vizuri."

"Basi tatizo ni nini?"

Nikafuta mikono kwa kitambaa taratibu, kama daktari. "Labda mwendeshaji. Umri nao."

Ni maneno manne tu. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata nikasikia kamati imeamua pikipiki apewe mwalimu wa dini mwingine, mtu mwenye nguvu, na Mzee Alfonsi apumzike kwa heshima. Makabidhiano Jumapili.

Jumanne kabla ya Jumapili hiyo Katekista akaja. Safari hii hakupaza sauti getini. Alivua kofia ngumu, akaishika mikononi.

"Fundi Zabroni, wanasema umesema nachelewesha gia."

Sikuwa nimesema gia, lakini nilikuwa nimesema kibaya zaidi.

"Nifundishe basi," akasema. "Zimebaki siku chache. Nikijua kosa langu nitalirekebisha. Labda wakiniona Jumapili napanda vizuri wataniachia."

Nikamfundisha. Mungu anisamehe. Nilimzungusha uani mzee aliyekuwa akiendesha njia za mlimani tangu mimi sijajua spana, nikimwambia, "Achia klachi polepole, Katekista. Sasa weka ya pili." Na yeye akifuata kila neno kwa uso wa mwanafunzi. Alipokosea kidogo alisema, "Samahani." Mafundi wenzangu waliinamisha vichwa kwenye kazi zao. Nilitamani ardhi ifanye kitu.

Mzee Sanga alitoka na kikombe chake cha chai. Akatutazama mizunguko miwili.

"Zabroni. Umeshaipandisha mlima pikipiki hii?"

"Bado, mzee. Nimeijaribu hapa."

"Inakataa wapi?"

"Mlimani."

"Kwa hiyo wewe mgonjwa anaumwa tumbo, unampima miguu." Akamgeukia Katekista, akavua kofia yake ya sufu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote. "Katekista, nenda naye. Mpakie nyuma. Mkafike inapofia."

Tukaenda. Mimi nyuma na begi la spana, yeye mbele. Tukaacha lami, tukaanza kupanda kati ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na ukungu ulikuwa unashuka kutupokea. Aliendesha vizuri. Nitasema zaidi: aliendesha vizuri kuliko mimi. Alibadilisha gia kabla injini haijaomba. Tulipofika penye mwinuko mkali akavuta mafuta, na pikipiki ikazama chini yetu, ikakohoa, ikazima.

"Unaona," akasema kwa unyonge. "Nimekosea wapi hapo?"

"Hebu nijaribu mimi."

Tukaigeuza, tukarudi nyuma mpaka tambarare, nikashika mimi. Nilipanda kwa ujuzi wangu wote. Ikazima pale pale, kama mita mbili chini ya pale ilipomzimikia yeye. Wote wawili tulijua jambo moja limekwisha kujibiwa.

Nikapiga kiki. Ikawaka. Nikamwomba avute mafuta, nikaenda nyuma, nikaweka kiganja. Pumzi ilikuwa nyembamba kama ya mtu anayepumulia chini ya blanketi, kisha ikakatika na injini ikafa. Halafu tulipoigeuza kuelekea mteremko, ndani ya ekzosi kitu kikabingirika: tok, tok, tok, kikagonga mbele. Nilikijua kabla sijafungua bolti ya kwanza.

Niliishusha ekzosi, nikaiacha ipoe, nikaitikisa mdomo chini na kupekua kwa bisibisi ndefu. Kikatoka kipande cha mti, nusu mkaa. Upande mmoja ulikuwa haujaungua sana. Ulikuwa na mikato mitatu.

Kumbe kwenye tambarare kilikaa kwenye uwazi wa ndani bila kumsumbua mtu. Pikipiki ikipanda, nyuma ikiwa chini, kilibingirika mpaka kwenye tundu la kutokea, na moshi wenyewe ukakikandamiza hapo. Akizima, kinaachia. Akipanda, kinarudi.

Katekista alikichukua mkononi mwangu, akakiangalia kwa karibu.

"Mungu wangu. Hawa ni wajukuu zangu," akasema. "Wanacheza na kila kitu. Fundi, nisamehe sana. Nimekusumbua miezi yote kwa ajili ya utundu wa nyumbani kwangu. Nikifika watanieleza."

Ningeweza kunyamaza. Nawaandikia hili ili mlijue: njia ilikuwa wazi kabisa. Pikipiki ingepanda, mzee angebaki na kazi, mimi ningebaki na sifa, na watoto wawili watatu wangechapwa kidogo. Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia na mikono yenye masizi.

"Si wajukuu zako, Katekista," nikasema. "Hicho ni kizibo changu. Nilikisahau nilipoiosha. Tena nilihisi siku ile ile kwamba kimeingia ndani, nikanyamaza. Na mwenyekiti nilimwambia ni wewe. Nilisema ni umri."

Alikigeuza kizibo mkononi. Ukungu ulikuwa umetufikia, na nywele zake nyeupe zilikuwa na matone madogo. Nilingoja aniseme. Alikuwa na haki hata ya kunipiga na kile kizibo.

"Kwa hiyo," akasema hatimaye, polepole, "mimi mlima bado naupanda."

"Unaupanda kuliko mimi."

Akakaa kwenye jiwe kando yangu. Akafunika macho kwa kiganja, na mabega yake yakatikisika. "Nilikuwa nimeanza kujiogopa," akasema. "Naweka kitu mezani, naona labda nimeshakisahau. Namwuliza mke wangu kama nimeanza kupotea. Zabroni, ulinizeesha."

Nililia pamoja naye, sioni haya kuandika. Halafu akapangusa uso na kunipiga begani, si polepole sana.

"Mlutheri ameungama kwa katekista, porini. Padri nitamwelezaje?" Akasimama. "Kitubio chako ni hiki: Jumapili uje uwaambie wao. Kwa mdomo ule ule."

Tukafunga ekzosi. Akawasha, nikapanda nyuma, akaipeleka. Ilivuta. Ilipita pale ilipokuwa ikifia kama hapajawahi kuwa na neno, akaweka ya pili, tukatokea juu penye miti ya mwati, na yeye akawa anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu mpaka wanawake waliokuwa wakikata kuni wakageuka.

Jumapili nilisimama nje ya kanisa lao baada ya misa, na suti yangu ya harusi, nikawaambia kamati na kila aliyetaka kusikia. Nilieleza kizibo, nikaeleza maneno manne niliyosema, nikasema hayakuwa kweli. Mwenyekiti alinitazama muda mrefu. Makabidhiano hayakufanyika. Katekista aliendesha ile pikipiki mpaka yeye mwenyewe aliposema basi, miaka mingi baadaye, na siku alipozikwa tulipanda wote kutoka karakana.

Jumatatu yake nilimpelekea Mzee Sanga kile kipande kilichoungua. Alikipokea bila mshangao wowote.

"Ulijua, mzee?"

"Nilijua kile kipya ni mti mbichi. Cha zamani kilikwenda wapi sikujua. Nilingoja useme." Akanywa chai. "Nilipaswa kukuuliza zaidi. Hapo na mimi nilikosea."

Akatoa kizibo kipya kwenye msumari wangu, akatundika kile kilichoungua, kisha akatundika kipya juu yake. Tangu siku hiyo msumari wangu umekuwa na viwili. Mzee alipoacha kazi na kurudi Ukinga aliniachia kopo lake la singa, na siku hizi pikipiki nyingine zinaingia zisizo na kabureta kabisa, mnazichomekea kompyuta zenu na zinawaambia zinaumwa nini. Sizionei wivu. Lakini nazo zina tundu la kuingizia hewa na tundu la kutolea moshi, na nimewaona baadhi yenu mkianzia katikati.

Siku ya mwisho, baada ya soda na hotuba, niliosha pikipiki moja ambayo hakuna aliyeniomba niioshe. Nikaikausha, nikawaaga, nikatoka na koti langu jipya. Nilifika mpaka kituo cha mafuta, upepo unanisukuma kwa nyuma, mke wangu anapiga simu kuuliza niko wapi, wali unapoa. Nikasimama. Nikarudi mpaka getini, mkanicheka, mkasema mzee ameshasahau kwamba amestaafu.

Nilikuwa nimerudi kuangalia msumari. Vilikuwepo vyote viwili, nikaenda nyumbani.